Njia ya mguu

Iyumbu, Dodoma, Jumamosi, katikati ya Septemba

Leo sikuita bodaboda. Nimevaa raba za zamani nikaenda lami kwa miguu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananisubiri huko, nimetembea kizembe, nikiangalia.

Kutoka kwetu hadi lami kuna njia mbili. Moja ni ya magari. Greda iliichonga kwa kufuata ramani ya viwanja, kwa hiyo inakwenda pembe kwa pembe, na ukiifuata kwa miguu utakula vumbi la kila lori la mchanga linalopita. Nyingine ni njia ya mguu. Hiyo haina mchoro wala namba, inakatisha katikati ya viwanja ambavyo wenyewe bado hawajajenga, na kila mtu wa huku anaipita: wanafunzi, mafundi wenye ndoo na sepeto, watumishi wa wizarani waliohamia baada ya 2016, mama wa mboga na mkokoteni wake.

Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Unabeba vumbi jekundu, unakugonga nalo usoni. Mvua hatuitegemei kabla ya mwishoni mwa Novemba, mara nyingi Desemba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini miiba ya mikungugu, migunga ya huku, bado imeshika makaratasi ya biskuti na vifuniko vya chupa za maji, utadhani kuna sherehe. Nimepita hapo haraka, hapapendezi.

Mbele kidogo kuna mbuyu. Sasa hivi hauna jani hata moja. Njia ikifika hapo inagawanyika, nusu kushoto, nusu kulia, halafu zinakutana tena upande wa pili. Kwenye gome lake kuna vigingi vya mti vilivyopigiliwa zamani, vya kupandia juu kufuata mabuyu au asali. Vingine gome limeshavimeza, zimebaki ncha tu. Futi chache kutoka kwenye shina kuna bikoni ya zege yenye namba, alama ya mpaka wa kiwanja. Mtu fulani anamiliki kiwanja chenye mbuyu ndani yake, na sijui atafanyaje. Huku wengine wanachora nyumba kuuzunguka. Wengine wanatafuta mtu wa msumeno.

Chini ya mbuyu nimemkuta bibi amekaa anapumzika, na kijaluba cha mlenda mkavu wa kusaga pembeni.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mbukwa,” akanisalimia na kwa Kigogo.

Nimenunua mlenda, tukaongea. Nilikuwa nadhani njia hii tumeikanyaga sisi, wahamiaji. Kumbe ni ya ng'ombe. Ilikuwa inatoka kwenye maboma ya kina bibi, inapita kando ya mashamba ya mtama na uwele, inashuka korongoni ambako kiangazi walikuwa wanafukua mchanga kupata maji ya mifugo. Ndiyo maana inapinda pale pasipo na sababu yoyote ya kupinda: palikuwa na shamba, na ng'ombe hapitishwi shambani kwa mtu. Shamba limeshapimwa likawa viwanja, kona imebaki. Nilimwuliza kama fidia waliyolipwa iliwatosha. Akacheka, akafunga kijaluba chake.

Nimeendelea kushuka korongoni nikiuwaza mpango mkuu wa Dodoma. Chuoni mwalimu mmoja alitupitisha humo ukurasa kwa ukurasa. TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua mwaka 1973 makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada, ikakabidhi mchoro. Ulikuwa mchoro wa mtembea kwa miguu! Vitongoji vidogo vilivyoundwa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, shule na duka kwa umbali wa kutembea, njia za miguu na za baiskeli, mabasi ya kuunganisha vitongoji, gari binafsi likae nyuma. Zama za Mwalimu Nyerere hizo, na wenye magari walikuwa wachache. Tangu hapo CDA, mamlaka iliyokuwa inaustawisha mji huu, imevunjwa, Mei 2017, manispaa imekuwa jiji, Aprili 2018, na viwanja vimepimwa kwa kasi ambayo wazee wa CDA wasingeiamini. Barabara za magari zimeachwa pana, nashukuru. Lakini njia ya mguu kutoka kwetu hadi lami tunaipata kwa hisani ya watu ambao hawajapata hela ya saruji. Kila anayezipata anatusogeza. Mwaka jana tulikuwa tunapita mbele ya mkungugu mkubwa, sasa tunapita nyuma yake, tumebanana kati ya ukuta na mtaro.

Mimi siombi pevingi wala taa. Ungeachwa upana wa watu wawili na baiskeli, basi, ukaandikwa kwenye ramani kama vilivyoandikwa viwanja.

Ng'ambo ya korongo nimekuta kamba za fundi zimevutwa, msingi unachimbwa, mtaro umekata njia pale pale tunapopita. Wapitao wameshaweka ubao. Mama wa mboga alikuwa amesimama upande wa pili na mkokoteni wake, anabishana na fundi.

“Fundi, tajiri yako amesema tupite wapi?” nikauliza.

“Dada, tajiri yuko Dar. Ila kasema tuache futi tatu huku kushoto, hadi ukuta wa jirani. Futi tatu pikipiki inapita.”

Mama wa mboga akashusha kanga begani, akaishika ncha moja kwenye gurudumu la kushoto la mkokoteni, akanipa mimi ncha nyingine niipeleke gurudumu la kulia. Kisha akamwambia fundi alete futi yake apime.