Mbio za Kilindini

Daktari alinionyesha ufa kwa ncha ya kalamu: mstari mwembamba kama unywele, kwenye mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto. Akapiga marufuku kukimbia, wiki sita kwa uchache. Maumivu niliyazoea. Nilichokiogopa ni kupoteza pumzi, maana mwanariadha akiketi siku chache tu, kiasi cha damu mwilini huanza kupungua na moyo husukuma kidogo zaidi kwa kila pigo.

Kocha alisubiri daktari aridhie, kisha akanipeleka bwawani. "Mguu ndio uliofungiwa, mwanangu," aliniambia. "Moyo haujafungiwa."

Alinifunga mkanda wa kuelea kiunoni, akaniagiza niingie kwenye kina ambacho nyayo hazifiki chini. Mwanzoni mikono ilikuwa inachota maji, na kila nilipochota nilisikia sauti yake ukingoni: "Usiogelee! Kimbia!" Kifua wima, kiwiliwili kimeinama mbele kidogo tu, goti lipande, mguu usukume nyuma, ngumi zifumbwe. Ilichukua muda mwili kukubali. Ulipokubali, nilihisi nyonga na mapaja yakifanya kazi ileile ya barabarani, bila kile kishindo. Barabarani kila hatua hutua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mkimbiaji. Ukizama mpaka shingoni, maji hukubebea karibu asilimia 90 ya uzito huo.

Kisha ikaja kazi yenyewe: dakika tatu kwa nguvu, moja polepole, tena na tena. Mapumziko yalikuwa mafupi kwa makusudi, kwa sababu majini ukilegea kidogo tu mapigo hushuka. Katikati ya zamu nilijishika shingoni nikahesabu, na hesabu ikawa ndogo kuliko ya uwanjani, ilhali nilikuwa nahema nisiweze kumaliza sentensi. Nikadhani sijajituma. Kocha akatikisa kichwa. Mgandamizo wa maji hurudisha damu kifuani, akaeleza, moyo hujaa zaidi na hauhitaji kupiga haraka vile. Mapigo kumi pungufu kwa dakika ni jambo la kawaida. Pima kwa pumzi, akasema, saa iache.

Nikiwa nimeshika ukingo, alinisimulia habari za Joan Benoit, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa goti siku 17 kabla ya mchujo wa marathoni wa mwaka 1984. Alipokuwa hawezi kukimbia, alizungusha pedali za baiskeli ya mazoezi kwa mikono. Akashinda mchujo, na Agosti hiyo, Los Angeles, akatwaa dhahabu ya marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki kwa saa 2:24:52. Kocha aliutaja muda huo kwa heshima, hadi sekunde. Nikaachia ukingo kabla hajaniambia.

Wiki zile baiskeli nayo iliingia kwenye ratiba, lakini hakuna kilichonipa imani kama bwawa. Ruhusa ilipotolewa, pumzi nilikuwa nayo. Kilichobaki nyuma ni mifupa na kano, kwani maji hayavifundishi kupokea kishindo. Tukaanza na dakika moja ya kukimbia na moja ya kutembea, kwenye nyasi, na siku za katikati nikaendelea kukimbia kilindini.