Cheti cha ndoa kiko wapi?

Mamdogo aliishi na baba mdogo miaka 14. Watoto watatu, na nyumba ya vyumba vinne waliyoijenga kwa mkopo wa vikoba. Baada ya arobaini, kikao cha ukoo kikawa na swali moja tu: cheti cha ndoa kiko wapi? Shangazi akamwita kimada mbele ya wanawe. Yule mkubwa akatoka nje bila viatu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 160, inasema mkiishi miaka miwili mkajulikana kama mke na mume, mtadhaniwa mmeoana. Lakini ni dhana tu, inapingika. Na wa kuhangaika na ushahidi ni mfiwa!

Leo tumetoka mahakama ya mwanzo, mara ya tatu. Mkononi tuna daftari la vikoba, majina yote mawili.