Msikiti wa Pwani

Mara ya kwanza kufika Lamu nilijifanya mjuaji. Kijana mmoja pale gatini alitaka kunitembeza Mji Mkongwe. Nikamwambia sihitaji, natafuta Msikiti wa Pwani tu, na pwani si hii hapa?

Basi nikaifuata. Nikaenda kandokando ya maji mpaka Langoni, nikarudi, jua la saa sita likinichoma utosi. Madau niliyaona, boriti niliziona, punda usiseme. Msikiti hakuna. Nilipompita yule kijana mara ya tatu alinitazama tu, hakunena.

Kwa aibu nikachepuka, nikaingia Usita wa Mui. Wanauita njia kuu, lakini kuna mahali ukinyoosha mikono karibu uguse kuta za pande zote mbili. Punda akaja na mzigo wa mawe, mvulana nyuma yake akipiga kelele, "Simila! Simila!" Nikarukia kwenye daka la nyumba moja, nusura nimkalie mzee aliyekuwa barazani akishona kofia. Alikuwa akizungushia uzi vitundu vidogo mno, kimoja kimoja, na miwani hana.

"Asalaam alaykum, mzee. Niwie radhi."

"Waalaykumu salaam. Watafuta nini, mwanangu?"

Nilipomwambia, na nilikokuwa nikitafuta, alicheka mpaka kofia ikamponyoka.

"Pwani ilikuwa hapa," akasema, akielekeza sindano chini, kwenye njia aliyopita punda.

Akanieleza kuwa zamani maji yalifika hapa. Ngome yenyewe, iliyomalizika mnamo 1821, ilijengwa ukingoni mwa bahari. Baadaye ufuo ukafukiwa, zikajengwa nyumba mbele yake, na msikiti ukabaki ndani na jina lake lilelile. Wenyeji huuhesabu kuwa mkongwe kuliko yote mjini, wa tangu 1370, nao uko karibu na ngome. Mimi nilikuwa nikiutafuta mahali ambapo enzi hizo ningehitaji mtumbwi.

Adhana ikaanza, msikiti mmoja ukidakia mwingine. Mzee akachomeka sindano kwenye kitambaa, akavaa makubadhi. "Twende, nami naelekea huko huko."

Uwanjani, mbele ya ngome, tukakutana na yule kijana wa gatini, naye akienda kusali. Akaniangalia, kisha akamgeukia mzee.

"Babu, wampeleka pwani?"