Kovu la tatu, na kwa nini hatukufunga kizazi

Watoto wetu watatu wote wametoka kwa kisu. Wa kwanza uchungu ulikwama, wa pili daktari hakutaka kubahatisha, wa tatu hapakuwa na mjadala tena. Nikiwa bado na mimba ya huyo wa tatu, siku ya kliniki, daktari alipekua kadi yangu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, tukishamtoa huyu, tukufunge kabisa?" Nikamwambia nitazungumza na mwenzangu. Akasema haya, lakini zungumzeni mapema, maana wengi huulizwa wameshalala mezani, ganzi ya mgongo imeshaingia, wakaitikia tu ili mambo yaishe.

Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Lingenikuta mezani ningejibu lolote.

Sisi Wakatoliki wa Unguja ni wachache, tunajuana. Kwenye jumuiya tunasali rozari, tunachangishana misiba na ubatizo, lakini suala la kizazi halina siku yake. Linasemwa pembeni, wakati wa kukunja majamvi, tena kwa sauti ya chini: fulani kafunga, fulani anatumia vijiti, fulani tangu afanye hivyo haendi kupokea Komunyo. Mimi nimekulia hapa hapa mjini, nimebatizwa kanisa la Minara Miwili, na semina ya ndoa nilihudhuria. Hapo tuliambiwa kwamba kufunga ni dhambi, basi. Kwa nini, na mtu mwenye makovu afanyeje, hatukufika huko.

Baba watoto ni mpishi hotelini, pwani ya mashariki. Anarudi nyumbani akipata ofu. Kwa hiyo mazungumzo yetu hayakuwa ya usiku mmoja. Yalikwenda kwa vipande, kila ofu kipande chake, watoto wakishalala. Mimi niliogopa kufa, sina haja ya kulipamba. Dada mmoja wa mtaani kwetu alivuja damu wakati wa kujifungua, wakamtoa kizazi chote ndipo akapona. Baba watoto alinisikiliza, akanyamaza, mwisho akasema, "Basi nifungwe mimi. Wewe umeshapasuliwa vya kutosha."

Sikutarajia neno hilo kutoka kwa mwanamume wa Kisongea. Nililia kidogo. Halafu tukakubaliana kwamba kabla ya yeyote kukatwa, twende kwa Paroko tukaulize sote wawili. Asiende mmoja akaja kumsimulia mwenzake.

Padri hakutuhubiria. Alitoa waraka wa Papa Paulo VI wa 1968, Humanae Vitae, akatusomea kwa namba. Namba 14 inakataa kufunga kizazi kwa makusudi, awe mwanamume au mwanamke, iwe kwa kudumu au kwa muda. Kwa hiyo ukarimu wa baba watoto ukafungiwa mlango hapo hapo. Lakini akaendelea na namba 10, na hiyo sikuwahi kuisikia kwenye semina yoyote: wazazi wenye sababu nzito wanaweza kuamua wasipate mtoto mwingine, kwa muda fulani au hata kwa muda usiojulikana mwisho wake. Namba 16 inawaruhusu kwa sababu hizo kukutana siku zisizo za rutuba. Nikamuuliza, "Kwa hiyo Baba, kuwa tayari kupokea uhai si lazima kuzaa kila mwaka?" Akacheka. Akatukumbusha Papa Fransisko, Januari 2015, akiwa kwenye ndege kutoka Manila, alivyomtaja mama mmoja mwenye mimba ya nane baada ya kupasuliwa mara saba, akasema huko ni kumjaribu Mungu.

Swali langu la pili ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Wakinipasua, damu ikakataa kukatika, wakasema kizazi kitoke? Padri akasema hapo watoe, wala nisisite: hiyo ni tiba ya hatari iliyopo, hata kama matokeo yake ni kutozaa tena, na namba 15 inasema hivyo. Kinachokataliwa ni kukata kiungo kisicho na ugonjwa ili tendo la ndoa lisizae siku zijazo. Baba watoto akauliza, na kovu langu je, si ugonjwa? Padri akajibu kwamba hilo tumuulize daktari, kila mtu na fani yake. Jibu hilo nililipenda kuliko yote.

Tukarudi kliniki wawili. Daktari, ambaye ni Mwislamu na hakuwa na haja ya kumfurahisha Padri wetu, alitueleza vizuri. Kila upasuaji unaongeza uwezekano wa kondo la nyuma kukaa juu ya kovu la zamani na kuzama ndani yake, na hapo ndipo damu inapomwagika. Kovu nalo linaweza kupasuka. Lakini hatari yote hiyo huja na mimba. Bila mimba, kovu lililopona halinisumbui. Akasema kitaalamu yeye angenifunga alale kwa amani, ila kama tutakuwa makini, uamuzi ni wetu. Akataka angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine yoyote, na ikitokea nianze kliniki mapema nipigwe picha waone kondo limekaa wapi.

Jirani yangu mmoja, shoga yangu wa kusukana nywele, nilipomhadithia alishangaa. "Mie nilidhani ni nyinyi tu mnaobanwa. Hata kwetu kumwaga nje mkiridhiana hakuna neno, lakini kufunga moja kwa moja shekhe hakubali mpaka iwe dharura." Tukabaki tunacheka, kila mmoja na mipaka yake.

Siku ya upasuaji nesi alikuja na karatasi. Ilikuwa imeshaandikwa upasuaji na kufunga, sijui nani aliyejaza. Nikamwambia upasuaji tu. Akanitazama, "Una uhakika, mama? Hiki cha tatu." Nikasema nina uhakika, baba yao yupo nje muulizeni. Akafuta, akaniwekea nisaini.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza, na wanaosema njia ya asili ni rahisi wajaribu kwanza. Sista mmoja muuguzi alitufundisha njia ya Billings, iliyoanzishwa na madaktari mume na mke kule Australia. Unaangalia ute wa ukeni. Siku kavu, siku za ute mzito wa kunata, halafu ule mwepesi unaovutika kama ute wa yai bichi. Siku ya mwisho ya kuteleza ndiyo kilele, unahesabu siku tatu zaidi, kuanzia ya nne mko huru. Sababu yake ni kwamba yai lenyewe haliishi zaidi ya siku moja, lakini mbegu za mwanamume zikipata ute mzuri zinaweza kusubiri hata siku tano. Miezi ya kwanza nilikuwa nanyonyesha tu, hedhi haijarudi, na hilo peke yake linakinga mimba sana, mtoto akiwa hajafika miezi sita na hajaanza uji wala maji. Hedhi iliporudi, chati ikawa vurugu, ute unakuja na kupotea, nikawa naandika alama za kuuliza daftari zima.

Tatizo kubwa lakini lilikuwa ofu. Mtu anakaa hotelini wiki nzima, anafika nyumbani kwa daladala ya jioni, na mimi nina ute wa kuteleza! Hakuna aliyekuwa anacheka. Mara moja alirudi kazini kabla ya ofu kwisha, amenuna. Kilichotuokoa si sala peke yake, nisidanganye. Alimwambia mpishi mwenzake kwamba ana sababu za kifamilia, wakawa wanabadilishana zamu, na mimi namtumia ujumbe: "kavu" au "subiri". Mwenzake mpaka leo anadhani tuna kisima.

Waliofunga kwenye jumuiya yetu siwahukumu. Mmoja alinijia baada ya kusikia, akaniuliza kama anaweza kurudi kupokea, nikampeleka kwa Padri aungame. Kanisa halikumtaka akafunguliwe, kitubio kinatosha, na sasa anapokea.

Mtoto wetu ameshapita miaka miwili na baba watoto ameanza kutaja wa nne, anataka wa kike. Mimi sijakubali. Nimemwambia kwanza twende kwa daktari tena, Pasaka ikipita, aniangalie kovu, halafu tuzungumze. Amekubali, ila juzi nimemkuta amemwuliza mama yake huko Songea jina.