Mwanafunzi ambaye bado si wa kupewa kadi

Katika Open Water Diver, kozi ya mwanzo ya kupata kadi ya uzamiaji ya shirika la PADI, ni nadra mtu kukwama kwenye karatasi ya mtihani. Asilimia 75 inatosha, na maswali aliyokosa anaeleweshwa mpaka ayaelewe yote. Mtihani wenyewe uko kwenye maski.

Zoezi linajulikana. Mwanafunzi anavua maski chini ya maji, anapumua dakika nzima kwa regyuleta peke yake (kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa ya mtungi), anaivaa maski tena, anainua uso kidogo, anabana ukingo wa juu na kutoa pumzi puani hadi maji yaishe. Akifaulu mara moja huku kaung'ang'ania mkono wa mwalimu na magoti yamezama mchangani, mara nyingi huwekewa alama ya vema. Hilo ni kosa. Kiwango kinataka aweze kwa utulivu, bila kusitasita, na aweze kurudia. Basi arudie: baada ya dakika kumi, akiwa anaelea, bila kushikwa. Akishindwa sasa, ile ya kwanza ilikuwa bahati.

Tunasisitiza hili kwa sababu maji yakimwingia puani, mtu mwenye hofu hubana pumzi na kukimbilia juu. Kwenye mita 10 shinikizo ni bar 2, mara mbili ya lile la juu ya maji, kwa hiyo hewa aliyoibana itataka nafasi mara mbili akifika juu, nafasi ambayo mapafu hayana. Hata mita moja na nusu ya mwisho inaweza kuyapasua, hewa ikaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Bwawa la mita 2 nalo linatosha kuua.

Kupanda kwa dharura kunapimwa kwa sikio. Ni kutoka mita 6 hadi 9, kwa pumzi moja, regyuleta ikiwa mdomoni, mwanafunzi akitoa sauti ya "aaa" njia nzima. Sauti ikikatika, msimamishe hapo hapo. Usimpandishe tena na tena baharini. Mrudishe kwanza bwawani alifanye zoezi hilo akiogelea mlalo, mita 9.

Tazama pia geji, kipimo cha hewa iliyobaki mtungini. Mtungi wa lita 11 ukishuka kutoka bar 200 hadi 50 ndani ya dakika 20 kwenye mita 6, mwanafunzi anavuta zaidi ya lita 50 kwa dakika (zikihesabiwa kama hewa ya juu ya maji), wakati mtu mtulivu hutumia kama 20 au pungufu. Peke yake hiyo si sababu ya kumzuia, maana huenda amebeba vyuma vingi vya kumzamisha na anapiga miguu bila kupumzika. Punguza kilo moja au mbili, upime tena. Kama namba haibadiliki na macho yamemtoka, hiyo ni hofu.

Lakini usimhukumu mtu kwa makosa ya bahari. Kule Mnemba, Zanzibar, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unamchosha hata mzamiaji mwenye kadi. Nafasi ikiwepo, panga mizamo minne ya kozi wakati wa maji mafu, na miwili ya kwanza isivuke mita 12. Akishindwa kwenye maji tulivu, hapo una jibu.

Kinachowaponza walimu wengi ni tiketi ya ndege. Mgeni ana siku tatu, amelipa, anaondoka kesho. Baada ya mizamo ya siku kadhaa anatakiwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa hiyo hakuna mzamo wa kuchomeka asubuhi ya safari. Mpe fomu ya rufaa. Kituo kingine kinaweza kummalizia ndani ya miezi 12. Kama amekamilisha vizuri mizamo miwili ya baharini, mafunzo matatu ya bwawani na sehemu tatu za nadharia, anaweza kupata kadi ya Scuba Diver: mita 12, tena akiwa na mtaalamu kando yake.

Mwambie mapema, faragha, wala si botini mbele ya wenzake. Taja zoezi lenyewe: "Maski bado inakutia hofu, tunahitaji kipindi kimoja zaidi bwawani." Kwenye fomu andika alichokamilisha pamoja na tarehe, na zoezi la maski uliache wazi.