Debian ndani ya simu yangu, bila kuiflashi wala kuiruti

Naanza na hili kwa sababu bado linanikera: usikubali mtu akuambie lazima simu "ifunguliwe" ndipo Linux iingie, yaani mfumo wa kuendesha kompyuta ambao Debian ni aina yake mojawapo. Ushauri huo uliniondolea simu nzima na picha za miaka minne.

Mimi natunza hesabu za mama mdogo, ana stoo ya dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Gunia ngapi zimeshuka kutoka visiwani, nani kachukua kwa mali kauli, mteja wa Kongo kabakiza kiasi gani. Laptop iliyokuwa na hesabu zote iliingia maji, na fundi akataja bei ambayo ningeongezea kidogo ningepata nyingine iliyotumika. Hela hiyo haikuwepo. Nilibaki na nakala ya faili kwenye barua pepe na simu mbili: ya zamani yenye kioo kilichopasuka, na hii ninayotumia, RAM giga 6, Android 13.

App za hesabu za kwenye simu nilizijaribu. Faili letu lina kurasa 14 na fomula zinazovutana kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kila nikigusa kisanduku, kibodi inaziba nusu ya jedwali. Siku moja nilifuta safu nzima ya madai kwa kidole bila kujua, nikaja kugundua jioni. Nilitaka LibreOffice yenyewe, programu ya hesabu ya kwenye laptop niliyoizoea, pamoja na kibodi na mausi.

Fundi niliyemfuata mjini alisema, "Dada, hapo hakuna njia nyingine. Tuifungue, tuitoe Android yote, tuweke Linux." Nikampa ile ya zamani. Hakuniambia kwamba simu ikifunguliwa kufuli yake ya mfumo inafuta kila kitu kilichomo. Ndivyo ilivyotengenezwa, ili mwizi akiifungua asikute mambo yako. Kisha akaiwekea mfumo uliotengenezwa kwa toleo jingine la simu. Tangu hapo inaonyesha nembo, inazima, inaonyesha nembo, inazima. Ipo kabatini hadi leo. Mifumo ya kuondoa Android kabisa ipo kweli, kama postmarketOS na Ubuntu Touch, lakini kila mmoja una orodha ya simu unazozikubali, na simu nyingi tunazonunua huku hazimo. Angalia orodha kwanza, kabla ya kumpa mtu simu yako.

Kilichonifungua macho ni kuelewa kwamba Android yenyewe imekaa juu ya kernel ya Linux, ile ile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Moyo upo tayari ndani ya simu. Kinachokosekana ni programu na mpangilio wa mafaili ambao Debian inautegemea, na hapo ndipo PRoot, programu ndogo ya kuelekeza mafaili, inapofanya kazi. Debian inawekwa kwenye folda ya kawaida ndani ya Termux, app ya kuandikia amri za Linux kwenye Android. Programu yake inapoulizia faili la mfumo, PRoot inadaka swali na kulielekeza kwenye folda ile, nayo programu inaamini iko kwenye kompyuta yake. Android haiguswi. Ukichoka unafuta Termux, simu inabaki kama ilivyokuwa.

Nilingoja mbalamwezi. Wa Mwaloni wanajua: dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa maboti yanapumzika na stoo inatulia. Nikawa na siku tano hivi za nafasi, na bando la usiku.

Termux chukua F-Droid, duka la app huria. Nilianza na nyingine niliyorushiwa na rafiki, ya zamani, ikagoma kusasisha vifurushi na kunipotezea usiku mmoja. Ya F-Droid ilikwenda bila neno: pkg install proot-distro, kisha proot-distro install debian. Debian tupu ni ndogo. Mzigo uko kwenye XFCE, yaani meza ya kazi yenye madirisha na menyu, na LibreOffice. Kwa jumla ilinilia kama giga moja na nusu, labda na kidogo. Katikati ya kusakinisha iliuliza mpangilio wa kibodi, nikashuka kwenye orodha nikakuta Kiswahili cha Tanzania kimo. Nilifurahi, sitaficha.

Kwa kuonyesha picha ya meza hiyo kwenye kioo natumia app ya pili, Termux:X11. Hapo kuna jambo moja dogo litakalokutesa: unapoingia Debian andika proot-distro login debian --shared-tmp. Ukiacha hilo neno la mwisho, Debian haioni mlango wa picha na utaambiwa haiwezi kufungua skrini. Nilikaa nalo saa mbili.

Saa nane usiku XFCE ikawaka. Panya mdogo wa nembo yake pale kwenye menyu, mandhari ya bluu, kila kitu. Nikafungua LibreOffice, faili la mama mdogo likaanza kupakia, na ghafla kioo kikawa cheusi. Nikarudi Termux nikakuta mstari mmoja: Process completed (signal 9), yaani programu imeuawa. Nikawasha tena. Dakika nne, signal 9. Nikafunga app zote, nikazima simu, nikawasha. Signal 9.

Nikauliza watu, kila mmoja akasema RAM haitoshi, nunua simu kubwa. Si kweli. Kuanzia Android 12, mfumo unahesabu michakato midogo inayozaliwa na app, na ikizidi 32 kwa simu nzima unaanza kuua. XFCE na LibreOffice zinaifikia idadi hiyo upesi sana. Dawa ni amri moja tu, lakini lazima itoke kwenye adb, chombo cha kuipa simu ya Android amri kutoka nje, ambacho kwa kawaida kinataka kompyuta. Na mimi kompyuta ndiyo nilikuwa sina!

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapojivunia. Simu inaweza kujiamuru yenyewe. Unasakinisha android-tools ndani ya Termux, unaenda kwenye chaguo za wasanidi programu, unawasha utatuzi usiotumia waya, na simu inajiunga na yenyewe. Kikwazo cha kwanza: kitufe kile hakiwaki bila Wi-Fi, na nyumbani kwetu Wi-Fi hakuna. Nikamwamsha mdogo wangu. "Dada, sina bando hata kidogo," akasema. Nikamwambia bando halihitajiki, washa tu hotspot. Simu yangu ikajiunga nayo, na kitufe kikakubali. Kinachotakiwa ni mtandao wa karibu tu, intaneti haina kazi hapo.

Kikwazo cha pili: namba ya kuoanisha inaonekana kwenye kidirisha, na ukitoka kwenda Termux kuiandika, kidirisha kinajifunga na namba inakufa. Nilijaribu kukimbiza vidole mara sita au saba. Mwisho nikagawa kioo mara mbili, mipangilio juu, Termux chini, nikaandika huku namba naiona. Ikaoana. Kisha adb connect ikakataa, ikakataa tena, mpaka nilipotazama vizuri: zipo poti mbili tofauti, yaani namba za mlango zinazofuata anwani. Iliyo ndani ya kidirisha ni ya kuoanisha, ya kuunganisha imeandikwa kwenye ukurasa wa nyuma, chini ya anwani. Nikaandika hiyo ya nyuma, kisha:

adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false

Haikujibu kitu. Ikijibu kimya ujue imekubali. Utatuzi usiotumia waya nikauzima hapo hapo, nawe uzime, si wa kuachwa wazi. Toka usiku ule sijaona tena signal 9, hata simu ikizimwa na kuwashwa. Kwenye Android 14 nimeona kuna kitufe kabisa cha kuondoa kizuizi hicho, humo humo kwenye chaguo za wasanidi, kwa hiyo ukiwa nayo huna haja ya kuhangaika hivi.

Kibodi, mausi na kile kiunganishi cha OTG chenye matundu manne nilivipata Makoroboi, vyote kwa elfu thelathini na kitu baada ya kuvutana. Maandishi yalikuwa madogo kama mchele, nikaongeza ukubwa kwenye mipangilio ya Termux:X11. Simu inapata joto, hivyo kava natoa na siiweki juani. Mashine ya kuchapa ya USB haionekani humo, kwa hiyo natoa PDF na kuituma WhatsApp kwa mwenye duka la steshenari. Kumbuka termux-setup-storage, bila hiyo mafaili yako yatafungiwa ndani ya Termux. Na umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Giza liliporudi na maboti yakaanza kushusha, nilikwenda stoo na simu, kibodi kwapani. Nikaisimamisha kwenye gunia, nikafungua ukurasa wa madai. Mama mdogo akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hii ndiyo ile ya kwenye laptop?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

Akashuka na kidole taratibu, jina kwa jina, akasimama kwenye mstari wa tisa. "Huyu kanilipa Jumamosi, mwanangu. Mtoe."

Nikaandika sifuri. Jumla ya chini ikabadilika pale pale, akaisoma kwa sauti.