Swali Lisiloulizwa Mume Akiwa Pembeni

Kwa miaka sita nilikuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa katika kata ninayoishi, na katika shauri la kwanza nililoliandikia muhtasari, mwenyekiti alimuuliza mama aliyekuja kulalamika: "Mama, mumeo anakupiga?" Mume alikuwa ameketi kwenye benchi hilo hilo, shubiri moja kutoka begani kwake. Mama akautazama upindo wa kanga yake, akaukunja, akaukunjua, kisha akajibu kwamba ni maneno tu ya ndani ya nyumba. Mzee mmoja akawakumbusha kuwa vikombe vikiwa kabatini havikosi kugongana, sote tukacheka kidogo, nami nikaandika kwa mwandiko wangu kwamba wadaawa wamepatana. Hazikupita wiki tatu nikamkuta kwenye foleni ya zahanati, jicho moja limefumba. Nilipomuuliza kwa nini hakutuambia, alinijibu bila hasira: "Dada, mlitaka niseme nini, na mimi nilikuwa narudi naye kwa bodaboda moja?"

Asiyeijua Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huenda akajiuliza mama huyo alifuata nini kwetu. Alifuata karatasi. Kifungu cha 101 kinamzuia mtu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na kifungu cha 106 kinataka hati hiyo isiwe imetolewa zaidi ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Wapo wanaosamehewa, kama vile aliyetelekezwa na hajui mwenzake alipo, ambaye mwenzake yuko nje ya nchi na hatazamiwi kurudi karibuni, au ambaye mwenzake ameitwa akakataa kwa makusudi kufika. Anayepigwa hatajwi. Amebakiziwa aya ya mwisho, inayoiachia mahakama iamue kama kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya kwenda barazani kusiwezekane, na katika miaka yangu yote sikumwona mwanamke asiye na wakili akiutumia mlango huo. Ajabu ni kwamba kifungu cha 66 cha sheria hiyo hiyo kinatamka wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vinginevyo. Kipigo kimekatazwa, lakini aliyepigwa analazimika kupitia kwetu akiwa na aliyempiga, na kwa hiyo usalama wake kati ya siku ya wito na siku ya hati umo mikononi mwetu, tutake tusitake.

Nimetaja wito kwa sababu hatari huanzia hapo, wala si kwenye kikao. Kwetu ilikuwa kawaida mlalamikaji kukabidhiwa barua ya wito aipeleke mwenyewe kwa mwenzake, kwa kuwa ofisi haikuwa na mtu wa kuipeleka. Hebu fikiria mwanamke anayeingia nyumbani jioni na barua yenye muhuri wa kata, inayomwambia mume kwamba ameshtakiwa na mkewe, halafu chakula cha usiku bado hakijapikwa. Tulipolitambua jambo hilo, barua zikaanza kupelekwa na mwenyekiti wa mtaa, na kabla hajaondoka nayo tunamuuliza mlalamikaji swali ambalo hadi leo ndilo naliona lenye faida kuliko yote: "Tukimwita, unadhani usiku huo atafanya nini?" Anayejibu kwamba atanuna tu, tunaendelea. Anayenyamaza, barua inabaki mezani.

Kumhoji kila mmoja peke yake ndicho kitu tulichochelewa mno kukianza. Wenzetu wa Australia, ambako nako sheria hudai hati ya usuluhishi kabla ya shauri linalohusu watoto, walimwekea msuluhishi katika kanuni za mwaka 2008 wajibu wa kupima kwanza kama usuluhishi unafaa, akiangalia historia ya ukatili, usalama wa wahusika na kama wana nguvu sawa ya kujadiliana. Na mwenye sababu za msingi za kuamini kuwa kuna ukatili katika familia anaruhusiwa kwenda mahakamani bila hati. Sisi hatukuwa na kanuni wala fomu. Tulikuwa na chumba cha bwana afya, ambacho siku ya Alhamisi kilikuwa hakina mtu.

Nilijifunza humo kwamba neno "kupigwa" halifai kuanza nalo. Wengi hawaliiti kofi kuwa ni kupigwa, na wengine hawajawahi kuguswa lakini hawawezi kutoka hata kwenda sokoni. Afadhali kuuliza simu yake inashikwa na nani, fedha ya kikoba anaiweka wapi, akitaka kwenda kwa mama yake leo atapata wapi nauli, watoto hufanya nini baba anapoingia. Ukishapata mazoea, uliza bila kuzunguka kama amewahi kukabwa shingo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake huwa na uwezekano wa takriban mara saba wa kuja kuuawa naye, na kukaba mara nyingi hakuachi alama yoyote. Wazee wetu barazani walitafuta uvimbe. Pasipo uvimbe wakasema hakuna kitu.

Mume naye huulizwa maswali hayo hayo, peke yake na kwa urefu wa muda ule ule. Wapo wanaume wanaonyanyaswa wakaona aibu kusema, na vilevile mume akiona kila mtu ameingia chumbani kwa zamu yake, hana sababu ya kudhani kwamba mkewe ndiye aliyeomba. Lililosemwa chumbani halipelekwi mezani bila idhini ya aliyelisema. Siku moja mjumbe mwenzangu, kwa nia njema kabisa, alimwambia mume: "Lakini mkeo ametueleza mambo ya panga." Kikao kiliisha pale pale, na ilitubidi tumsindikize mama huyo hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akapewa na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, kwa sababu nyumbani hapakuwa tena mahali pa kurudi.

Baadhi ya wajumbe walilalamika kwamba tukiwatenga wanandoa tunavunja ndoa badala ya kuijenga. Sheria inataka kila upande upewe nafasi ya kusikilizwa, na sijasoma popote inapotaka wasikilizwe kwenye benchi moja. Baraza lililoona kwamba upatanisho hauwezekani linaweza kusema hivyo katika hati, likaandika lilichokibaini, bila kumzungusha mtu miezi minne kwa vikao vya nasaha. Siku za vikao tuliwaketisha pande mbili za jengo, na mwanamke aliondoka kwanza. Mume alibaki akisaini karatasi, na mwenyekiti, ambaye kwa kawaida anaandika haraka, siku hizo aliandika polepole sana.

Mama wa upindo wa kanga alirudi kwetu mwaka uliofuata. Tulimsikiliza katika chumba cha bwana afya, mume tukamsikiliza Alhamisi iliyofuata, na hati ikatoka. Niliposimama kumkabidhi aliitazama, akalisoma jina lake kwa sauti ya chini, kisha akairudisha mezani na kuniuliza kama anaweza kuiacha ofisini mpaka siku ya kwenda mahakamani, kwa kuwa nyumbani hana mahali pa kuificha. Tukaitia kwenye bahasha. Nilipomaliza muda wangu, droo ya chini ya kabati la ofisi ilikuwa na bahasha kumi na moja.